Kutoka Kashasha Hadi Mwanza: Kuisoma Sheria Ukiwa Kando ya Ziwa

*Mhadhara uliotolewa Mwanza mbele ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa shahada ya sheria, wazazi wao, na watumishi wa fani ya sheria*

 

Niliombwa nizungumzie maana ya kusoma sheria kwa ngazi ya shahada ya kwanza. Kichwa hicho ni kipana mno kwa saa moja, kwa hiyo nimekipunguza. Kusudi langu ni kuwaonyesha wanafunzi mlioko huku Kanda ya Ziwa kwamba somo lenu linaanzia katika mahakama ya mwanzo, na kwamba anayefuata shauri moja tangu lilipofunguliwa hadi lilipoamuliwa mara ya mwisho, akasoma kila ukurasa, ameijua sheria kuliko anayetaja majina ya kesi mia moja. Nina hoja tano. Hazilingani kwa urefu. Ya kwanza itatuchukua muda, kwa sababu nyingine zote zimeiegemea.

Kabla ya hapo, neno fupi la historia. Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961, majuma machache kabla ya Uhuru, kilianza na kitivo kimoja tu, na kitivo hicho kilikuwa cha sheria. Masomo yalitolewa katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Wanafunzi hawakufika ishirini, na miongoni mwao mwanamke alikuwa mmoja, Julie Manning, ambaye mwaka 1975 alikuja kuwa Waziri wa Sheria. Kwa miongo mitatu iliyofuata, kijana wa Nansio au wa Musoma aliyetaka shahada ya sheria bila kutoka nje ya nchi hakuwa na njia isipokuwa kwenda Mlimani, Dar es Salaam. Leo sheria inafundishwa hapa hapa Nyegezi, katika Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, kilichopata hadhi ya chuo kikuu mwaka 1998 baada ya kukua kutoka taasisi ya mafunzo ya jamii iliyoanzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 1960. Kwa hiyo kijana wa leo anaweza kusoma sheria huku akiishi jirani na watu ambao sheria hiyo inawagusa. Nafasi hiyo ni kubwa, na ninasikitika kuona jinsi inavyotumiwa kidogo.

Hoja ya kwanza: sheria huanzia chini

Tarehe 24 Agosti 1988, huko Muleba mkoani Kagera, mwanamke mmoja aliuza shamba. Alilirithi kwa wosia halali wa baba yake. Umri ulikuwa umemwendea na hakuwa na mtu wa kumtunza, akaona auze apate cha kumsaidia. Mnunuzi alikuwa mtu wa nje ya ukoo, na bei ilikuwa shilingi 300,000. Kesho yake tu, tarehe 25, mtoto wa ndugu yake alikwenda Mahakama ya Mwanzo Kashasha kufungua shauri. Dai lake lilikuwa fupi: shamba ni la ukoo, na kwa mila ya Wahaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo.

Mahakama ya Mwanzo ilikubaliana naye. Mauzo yalibatilishwa, shangazi akaamriwa arudishe fedha.

Wanafunzi, hapa ndipo ninapotaka msimame kidogo. Ni rahisi sana, mtu akiwa amekaa chuoni Malimbe na kitabu mkononi, kumdharau hakimu wa Kashasha. Msifanye hivyo. Mila aliyoitumia ilikuwa imeandikwa na kupewa nguvu ya sheria. Iko katika Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, Tangazo la Serikali namba 436, kanuni ya 20 ya urithi: mwanamke anaweza kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, lakini hawezi kuiuza. Zaidi ya hayo, mahakama za juu zilikwisha kuambiwa mara kadhaa kwamba kanuni hiyo ni ya kibaguzi, nazo zikajibu kwamba mabadiliko ya mila ya Wahaya yangoje Wahaya wenyewe. Hakimu wa Kashasha alifuata sheria kama ilivyokuwa imeandikwa na kufafanuliwa.

Kilichobadilika kilikuwa Katiba. Mwaka 1984 haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba ya nchi, na ibara ya 13 ikakataza ubaguzi. Lakini Bunge likaweka muda wa miaka mitatu ambamo mtu hakuweza kuzidai haki hizo mahakamani, ili Serikali ipate nafasi ya kurekebisha sheria zake. Muda huo ulikwisha Machi 1988. Hesabuni wenyewe: shamba liliuzwa Agosti ya mwaka huo huo. Kama mama yule angeuza miaka miwili kabla, na shauri likaamuliwa upesi, hoja iliyomwokoa isingesikilizwa. Tarehe katika jalada ni kitu cha kwanza mwanasheria anachotafuta, na mara nyingi ndiyo inayoamua kesi.

Shauri lilipofika kwa rufaa Mahakama ya Wilaya ya Muleba, hakimu wa huko aliisoma ibara ya 13 na kutengua uamuzi wa Kashasha. Tafakarini jambo hilo. Tunafundishwa kumsifu jaji, na anastahili, ila wa kwanza kuiweka Katiba mbele ya mila katika shauri hili alikuwa hakimu wa wilaya, mbali na miji mikubwa, pengine akiwa na vitabu vichache kuliko vilivyo katika chumba hiki. Mpwa hakuridhika. Akakata rufaa, na rufaa ikavuka ziwa ikaja Mahakama Kuu hapa Mwanza, mbele ya Jaji James Mwalusanya. Tarehe 22 Februari 1990 Jaji Mwalusanya aliitupa rufaa hiyo. Alitumia Katiba, akatumia pia mkataba wa kimataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985.

Hiyo ndiyo *Ephrahim dhidi ya Pastory*: mpwa ndiye Ephrahim, shangazi ndiye Pastory. Inasomwa Nairobi, Kampala, Pretoria, na katika vyuo vya Ulaya na Marekani, kila mahali panapofundishwa haki za wanawake na mila. Mwaka 1999 Bunge lilipotunga Sheria ya Ardhi ya Vijiji, liliandika wazi kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi ni batili. Nimeulizwa na wanafunzi wangu wa hapa hapa Mwanza kama kesi hiyo ni ya Kenya. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wamepewa jina la kesi na mstari mmoja wa kanuni, bila shamba, bila shangazi, bila Kashasha.

Nasema basi: ukiletewa kesi yoyote, anza chini. Nani alikwenda kushitaki, mahakama gani, siku gani, akitaka nini? Hakimu wa kwanza alisema nini, na kwa nini wakati ule lilikuwa jambo la busara kusema? Ukiruka hatua hizo, uamuzi wa juu unabaki kama tangazo lililoshuka kutoka mawinguni, nawe hutajua ulitumie wapi.

Hoja ya pili: hukumu isomwe yote

Mnayajua madesa. Yanauzwa kila steshenari kuanzia lango la chuo hadi Nyegezi Kona: kurasa zilizofupishwa na mwanafunzi aliyemaliza zamani, zikafupishwa tena na aliyemfuata. Simlaumu asiye na fedha ya kitabu. Bumu, yaani fedha ya mkopo, likichelewa, njaa ndiyo inayosomwa kwanza. Lakini tazameni madesa yanavyoifanya kesi tuliyoizungumza. Yanasema: mwanamke wa Kihaya anaweza kuuza ardhi ya ukoo. Basi.

Mwenye kuisoma hukumu yenyewe anakuta jambo jingine. Jaji hakuifuta tu kanuni ya 20 akaondoka. Sheria namba 16 ya mwaka 1984, iliyoambatana na mabadiliko ya Katiba, iliipa mahakama uwezo wa kuzisoma sheria za zamani pamoja na marekebisho yanayohitajika ili zilingane na Katiba. Jaji akauliza: mwanamume wa ukoo akiuza kwa mtu wa nje bila ridhaa ya wenzake, mila inasemaje? Mila inasema mwanaukoo yeyote anaweza kuikomboa ardhi kwa kumrudishia mnunuzi bei aliyotoa. Kwa hiyo, alisema, mwanamke na awe katika hali hiyo hiyo. Anauza kama mwanamume, na ukoo unakomboa kama ambavyo ungekomboa kwa mwanamume. Mpwa alishindwa, lakini alitoka mahakamani akiwa bado na mlango: alipe shilingi 300,000, ardhi irudi kwenye ukoo.

Mnaona tofauti? Mteja wako kesho ni mnunuzi wa shamba la ukoo. Ukimwambia kwa mujibu wa madesa kwamba mauzo ni halali, akajenga, halafu ndugu wa muuzaji akaja na fedha mkononi akitaka kukomboa, utamweleza nini?

Mfano wa pili ni wa kutoka ng'ambo ya kaskazini ya mkoa wetu. Daudi Pete alishitakiwa Musoma kwa kosa la unyang'anyi wa kutumia nguvu, na kifungu cha 148 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kilikuwa kikikataza kabisa dhamana kwa kosa la aina hiyo. Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya tena, ilisema katazo hilo linavunja Katiba: linamhukumu mtu kabla ya kesi, na linanyang'anya mahakama kazi yake. Jamhuri ikakata rufaa. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilikubali kwamba kifungu cha 148(5)(e) ni batili. Mwanafunzi wa madesa anaishia hapo: Mahakama ya Rufani ilikubaliana na Mahakama Kuu. Haikukubaliana! Ilikubali matokeo na kukataa sababu kubwa hizo mbili. Ilisema kumnyima mtu dhamana si lazima kuwe sawa na kumfanya mkosaji kabla ya hukumu. Kosa la kifungu, kwa maoni yake, ni kwamba kilikuwa kipana kupita kiasi na hakikumpa mshitakiwa nafasi ya kusikilizwa kabla ya kuzuiwa uhuru wake. Anayejua tofauti hiyo anaweza kuibishia sheria nyingine ya dhamana kesho. Asiyeijua atataja jina la kesi tu, na hakimu atamuuliza, "Kwa sababu ipi, mwanasheria?"

Kisingizio cha vitabu kimepungua sana. Hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zinapatikana bure TanzLII, hata kwa simu. Megabaiti zinazokwenda kwenye video moja zinatosha hukumu kadhaa. Someni moja kwa juma, nzima, pamoja na kurasa za mwenendo zinazochosha. Kwa mwaka mmoja mtakuwa mbali sana na wenzenu.

Hoja ya tatu: usome kwa Kiingereza, ufahamu kwa Kiswahili

Hapa wahadhiri wenzangu watanivumilia, kwa maana si wote tunaokubaliana.

Mahakama ya mwanzo imetumia Kiswahili tangu zamani. Kule juu, kwa miaka mingi, shahidi alisema kwa Kiswahili, pengine kwa Kisukuma au Kikerewe kupitia mkalimani, na hakimu akaandika kwa Kiingereza. Hukumu ikaandikwa kwa Kiingereza. Nimeshuhudia wadaawa wakitoka mahakamani na nakala yenye mhuri, wakimfuata karani koridoni kumuuliza kama wameshinda au wameshindwa. Mtu ameamuliwa shamba lake, ndoa yake, uhuru wake, na hawezi kusoma sababu.

Mabadiliko yametoka, kwa sehemu, kwenye ukingo huu wa ziwa. Jaji Zephrine Galeba, akiwa Mahakama Kuu Musoma, aliandika kwa Kiswahili uamuzi katika shauri lililohusu mgodi wa North Mara. Siku ya Sheria, tarehe 1 Februari 2021, Rais Magufuli alimtaja hadharani kwa kazi hiyo na kumteua kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani. Mwezi huo huo Bunge lilipitisha marekebisho yanayofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na lugha ya mahakama, Kiingereza kikiruhusiwa pale haki inapodai. Mwaka huo pia mawakili waliruhusiwa kuingia katika mahakama ya mwanzo inayoongozwa na hakimu mkazi, mlango uliokuwa umefungwa kwao. Maana yake kwenu ni kubwa: wakili kijana wa leo anaweza kusimama Mahakama ya Mwanzo Ilemela au Magu na kuhoji shahidi kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho.

Na bado mtihani wenu ni wa Kiingereza. Sheria nyingi mlizonazo zimeandikwa kwa Kiingereza. Hukumu za miongo yote iliyopita ni za Kiingereza, na misingi mingine inarudi nyuma hadi tarehe 22 Julai 1920, ile tarehe ya kupokelewa kwa sheria za Uingereza ambayo kila mwanafunzi wa sheria Tanzania huikariri kabla hajakariri namba ya chumba chake. Kwa hiyo asitokee mtu akasema Kiingereza sasa hakina haja. Anayekidharau anajifungia maktaba yote.

Ninachowashauri ni kazi mbili kwa kila hukumu. Andika muhtasari wa Kiingereza kwa ajili ya mtihani. Kisha funga daftari, umweleze kesi hiyo kwa Kiswahili mtu ambaye hakusoma sheria: mama yako, mwenye nyumba unayopanga Nsumba, dereva wa bodaboda. Akiuliza swali ukashindwa kulijibu, umegundua mahali ambapo ulikariri maneno bila kufahamu jambo. Mwanafunzi mwenye Kiingereza kizuri hushangaa kuona ni mara nyingi kiasi gani hukwama hapo. Na mwenye Kiingereza dhaifu hugundua kwamba akili yake ilikuwa inaelewa kuliko alivyodhani. Kilichobaki ni kufanya bidii ya lugha, nayo hufundishika.

Hoja ya nne: mwalo ni darasa

Nendeni Mwaloni Kirumba alfajiri, wakati dagaa na samaki wanaposhushwa, mkiwa na daftari lakini mkiwa mmefunga midomo. Kisha mrudi mfanye zoezi hili.

Chukulieni vijana watatu wanaovua dagaa kwa mtumbwi wa tajiri. Mtumbwi ni wake, nyavu zake, taa zake, mafuta yake. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Asubuhi mauzo yanapigiwa hesabu, gharama zinatolewa, tajiri anachukua sehemu yake na vijana wanagawana iliyobaki. Usiku mmoja upepo unachafuka, mtumbwi unapinduka, kijana mmoja anafariki. Tajiri anawafukuza wawili waliobaki akisema wamempotezea nyavu. Polisi na maofisa uvuvi wanapozitoa nyavu majini, wanakuta matundu ni madogo kuliko milimita 8 zinazotakiwa.

Haya, mwanasheria, anza. Je, upo mkataba? Upo, sheria yetu ya mikataba haikatai makubaliano ya mdomo. Ni mkataba wa ubia au wa ajira? Tajiri atasema ni ubia, kwa kuwa waligawana. Lakini Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inadhania kuwa mtu ni mwajiriwa iwapo kimojawapo cha vigezo vyake kitathibitika, kama vile kufanya kazi chini ya maelekezo ya mwingine au kutumia vifaa vya mwingine. Wakiwa waajiriwa, waliofukuzwa wana siku 30 tu za kufungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wakichelewa, waanze kwa kuomba ruhusa na kueleza sababu. Familia ya marehemu nayo iulize habari za Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008. Mirathi yake itafuata mila, dini au sheria ya kiserikali? Inategemea aliishi vipi, na hilo linathibitishwa kwa ushahidi. Na nyavu haramu: kosa la nani chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003? Mwenye nazo, aliyezishika, au wote? Je, uharamu wa nyavu unaathiri dai la mshahara?

Katika usiku mmoja wa dagaa mmepita mikataba, kazi, madhara, mirathi, jinai na ushahidi. Chuoni masomo hayo hukaa katika ratiba tofauti, kwa wahadhiri tofauti, mihula tofauti. Huko nje humjia mtu yote kwa pamoja, naye hajui jina la hata moja. Ndiyo sababu ninasisitiza mwalo. Chukua tena sangara: kanuni zinakataza kumvua akiwa chini ya sentimita 50, ili wadogo wakue kwanza. Ukiisoma kanuni hiyo kitabuni inaonekana kama adhabu kwa mvuvi maskini. Ukimsikiliza mvuvi mzee anayekumbuka sangara wa miaka ya 1990, na ukasikiliza pia malalamiko ya kijana aliyechomewa nyavu zake, utaanza kuelewa kwa nini sheria ya uvuvi ina ugomvi mwingi mahakamani, na utajua ni maswali gani wakili wa upande wowote anapaswa kuuliza.

Onyo moja, na nalisema kwa uzito wote. Mara tu majirani watakaposikia unasoma sheria, watakuja na karatasi. Mwanafunzi si wakili. Kuandaa nyaraka za mahakama kwa malipo bila kuwa na sifa ni kosa chini ya Sheria ya Mawakili, na zaidi ya kosa, unaweza kumpotezea mtu haki yake kwa tarehe moja uliyokosea. Unachoruhusiwa kufanya ni kikubwa: msikilize, mwandikie matukio kwa mfuatano wa tarehe, mkumbushe atunze risiti na majina ya mashahidi, kisha mpeleke kwa watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Hapa Mwanza wapo, na shirika la Kivulini kwa mambo ya ukatili dhidi ya wanawake na watoto lina uzoefu wa miaka mingi. Mtu akifika kwa wakili na mfuatano wa tarehe ulioandikwa vizuri, nusu ya kazi imekwisha.

Hoja ya tano: njia haiishii kwenye joho

Hoja hii ni fupi, na ni ya wazazi hasa.

Shahada ya sheria peke yake haimfanyi mtu wakili. Baada yake kuna Shule ya Sheria Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, iliyoko Dar es Salaam. Oktoba 2022 nchi nzima ilishituka kwa matokeo ya kundi moja la shule hiyo: katika watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 walishindwa kabisa. Waziri wa Katiba na Sheria aliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Maneno mengi yalisemwa: mfumo wa mitihani, wahadhiri, lugha, vyuo. Mimi naamini sababu kubwa inapatikana mwaka wa kwanza wa chuo. Shule ya Sheria inakupa matukio na kukuambia uandae hati ya madai, kiapo, pingamizi. Aliyesoma miaka mitatu au minne bila kufungua jalada hata moja anakutana na matukio kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka ishirini na tano, kodi ya chumba Sinza ikimdai. Kuporomoka kwake hakushangazi.

Kwa hiyo wazazi, msimuulize mtoto alama alizopata tu. Muulizeni mwezi huu alisoma hukumu ipi, na awasimulie. Mtasikia kama anasoma. Na jiandaeni kwa gharama ya mwaka mwingine baada ya mahafali, au kubalini mapema kwamba sheria inamfaa hata asipokuwa wakili: halmashauri, benki, vyama vya wafanyakazi, vyombo vya habari na mashirika ya haki yanahitaji watu wanaoweza kusoma kifungu na kukielewa.

Bwana Mwenyekiti, naona saa. Niseme yanayofuata.

Nimezungumza na wenzangu kadhaa, na tunapendekeza kuanzisha mzunguko wa kusoma hukumu kila Jumamosi asubuhi, wazi kwa mwanafunzi yeyote wa sheria aliyeko Mwanza, wa Nyegezi au wa kituo cha Chuo Kikuu Huria. Tutasoma hukumu zilizotoka Mahakama Kuu Mwanza, Musoma na Bukoba pekee. Kila hukumu mwanafunzi mmoja ataieleza kwa Kiingereza na mwingine ataiandikia muhtasari kwa Kiswahili chepesi, kurasa zisizozidi mbili. Mawakili mlioko hapa, tunawaomba zamu mbili kwa mwaka kila mmoja, kuja kusahihisha. Waheshimiwa mahakimu, tunaomba wanafunzi waruhusiwe kukaa katika mahakama za mwanzo na pale Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki, Buswelu, siku za wazi, wakiwa na barua ya chuo na bila kugusa jalada. Baada ya miaka mitatu tutakuwa na muhtasari wa kutosha kuchapisha kitabu cha hukumu za Kanda ya Ziwa kwa Kiswahili, kitakachowekwa katika ofisi za kata na katika mialo, pale ambapo watu hubishana kuhusu mashamba, nyavu na mirathi.

Tutaanza na *Ephrahim dhidi ya Pastory*. Nakala ziko mezani, karibu na mlango. Chukua moja, isome yote, uje Jumamosi saa tatu ukiwa tayari kunijibu swali hili: je, mpwa angefanikiwa kulikomboa shamba leo, baada ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji?